Hao walaji wako walikuwa wapi?

Ukikaa kwenye hadubini kwa miaka unaanza kuwa na seli unazozipenda na seli zinazokuchosha. Chembe nyekundu za damu zinachosha: ni nyingi mno na zinafanana, labda ukutane na za mgonjwa wa selimundu. Mimi napenda monosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Ni kubwa kuliko wenzake wote kwenye slaidi, kiini chake kimebonyea upande mmoja, na ukiipaka rangi ya Giemsa inatoka ya kijivu inayoelekea samawati. Mgonjwa akiwa ametoka safari ya Kigoma au Geita na malaria imeshamkaa, mara nyingine unaikuta monosaiti ina punje za kahawia ndani yake. Hizo ni taka za vimelea vya malaria ambavyo imeshavila. Hapa Dodoma malaria ni chache kuliko huko, kwa hiyo nikiipata ya namna hiyo huwa nawaita wenzangu waje wachungulie, na wenzangu huja kwa adabu tu.

Nafanya kazi ya maabara kwenye kituo cha afya pembezoni mwa jiji. Mwezi wa nane upepo ukishika kasi tunafunga madirisha yote, tunaziba mianya kwa matambara, na bado ukipangusa meza asubuhi kitambaa kinatoka chekundu. Vumbi hilohilo unalivuta. Likipita puani na kooni bila kunaswa, linafika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na huko linakutana na jamaa wa monosaiti yangu.

Monosaiti huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, huzunguka kwenye damu kwa siku chache, kisha hupenya ukuta wa mshipa na kuingia kwenye nyama. Ikishaingia huko hukua na kubadilika, na ndipo huitwa makrofaji. Nyingine hazikupitia njia hiyo: zilitandazwa mwilini tukiwa bado tumboni mwa mama zetu, na zinajizalisha papo hapo bila kuutegemea uboho. Ini lina za kwake, ubongo una za kwake, bandama imejaa. Zile za mapafuni zinakula vumbi, moshi, na bakteria waliopotea njia. Kwenye makohozi ya mama anayepikia kuni ndani ya nyumba unaziona zimejaa weusi, na nikiziona nafurahi kwa sababu ya kikazi kabisa: najua sampuli imetoka kifuani kweli, si mate. Kati ya watu tunaowaomba makohozi, wanaotuletea mate ni wengi kuliko unavyodhani.

Sasa shangazi. Ni dada wa marehemu baba, kwake ni Mvumi, ana mbuzi na shamba la uwele. Tangu aanze dripu za saratani ya titi anakaa kwangu Nkuhungu. Titi la kushoto limeshaondolewa. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ameshafika, alikwenda na treni mpya ya umeme, na hadi leo anasimulia treni kuliko anavyosimulia hospitali. Jioni moja alinikuta nachora kwenye daftari, akauliza ni kitu gani. Nikamweleza kwa maneno mepesi kwamba mwilini kuna seli zinazokula wadudu wa magonjwa, zinawameza na kuwasaga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifunga khanga vizuri, akasema:

“Sasa baba, hao walaji wako walikuwa wapi wakati hili linaota?”

Nilimjibu kwa awamu, jioni baada ya jioni. Haya ndiyo niliyomjibu, pamoja na yale niliyoyaruka kwa sababu alishaanza kupiga miayo.

Nilianzia kwenye mwiba. Mtu aliyechunga mbuzi Mvumi hafundishwi mwiba wa mgunga. Unachoma, unavunjikia ndani, jioni pamekuwa pekundu, pana joto, pamevimba, na usipoutoa keshokutwa unakamua usaha. Mwaka 1882, mjini Messina kwenye kisiwa cha Sicily, mtafiti aitwaye Ilya Mechnikov alifanya jambo hilohilo kwa makusudi. Familia yake ilikuwa imekwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki na hadubini yake. Akachukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao inapenya mwanga ukaona mpaka ndani, akavichoma miiba ya waridi iliyotoka bustanini. Asubuhi yake akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba pande zote. Hakuna aliyezituma, maana kiumbe kile hakina hata mishipa ya damu. Wakati huo madaktari wengi walizishuku seli nyeupe, wakidhani ndizo zinazowabeba bakteria na kuwasambaza mwilini. Mechnikov akasema hapana, zinawala. Alibishiwa miaka mingi, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Shangazi alitaka kujua kwa nini mtu mzima aache sarakasi akae anachoma viumbe wa baharini miiba. Kisha akasema huyo angekuja Mvumi asingehitaji waridi.

Makrofaji inajuaje kwamba mwiba umeingia na bakteria? Haina macho wala pua. Kwenye utando wake wa nje ina vipokezi, na kila aina ya kipokezi imeumbwa kushika kitu ambacho vijidudu wanacho na sisi hatuna. Mimi huwapaka bakteria rangi kwa njia ya Hans Christian Gram, ya mwaka 1884, na wanaotoka rangi ya waridi tunawaita Gram hasi. Hao wana gamba la nje lenye mafuta na sukari liitwalo lipopolisakaridi. Kwa makrofaji, gamba hilo ni habari ya dharura. Kipokezi kinacholishika kilitambuliwa mwaka 1998 na kundi la Bruce Beutler kule Marekani, na njia waliyopita naipenda: walikuwa na ukoo wa panya ambao ukiwachoma gamba hilo hawashtuki hata kidogo. Ungefikiri hao ndio panya wenye bahati. Kumbe wakipata bakteria wenyewe, walio hai, wanakufa upesi, kwa sababu mwili haujui kama umevamiwa. Wakafuatilia jeni iliyoharibika mpaka wakaipata. Miaka miwili kabla yake, Jules Hoffmann na wenzake huko Strasbourg walikuwa wameonyesha kwamba nzi wa matunda wasio na jeni ya aina hiyo huuawa na kuvu. Wawili hao waligawana Nobel ya mwaka 2011 na mtafiti wa tatu, Ralph Steinman.

Ikishashika habari hiyo, makrofaji inafanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, inapiga kelele. Inamwaga protini za taarifa: TNF, interlukini-1, interlukini-6 na nyingine. Mishipa ya jirani inalegea na kuvuja, ndiyo wekundu na uvimbe. Nyutrofili, seli nyeupe nyingine zinazokula bakteria, zinavutwa kutoka kwenye damu kwa maelfu. Taarifa zinafika kwenye ubongo, ubongo unapandisha joto la mwili, nawe unajifunika blanketi mchana wa Oktoba. Zinafika kwenye ini, na ini linaanza kutengeneza protini iitwayo CRP kwa wingi. Daktari akiniandikia kipimo cha CRP kwenye fomu, kwa kweli anauliza kama makrofaji za mgonjwa zimeshapiga kelele, na kwa sauti gani. Kelele zikizidi kipimo, zikapigwa mwili mzima kwa wakati mmoja, shinikizo la damu linaporomoka, na mgonjwa anaweza kufa kwa mwitikio wake mwenyewe huku bakteria wameshaanza kupungua.

La pili, inakula. Utando wake unanyooka kumzunguka bakteria pande zote hadi unakutana upande wa pili, naye anabaki ndani ya kifuko. Kifuko kinaungana na vifuko vingine vyenye asidi na vimeng'enya. Makrofaji inammwagia pia oksijeni kali na nitriki oksidi, vitu ambavyo vinachoma karibu kila kitu vinachokigusa. Bakteria anakatwakatwa, na vipande vyake vingine vinapandishwa tena juu ya utando ili seli T, aina nyingine ya seli nyeupe, zije kuvisoma na kukumbuka sura ya adui.

Kama kazi ingeishia hapo, jibu la shangazi lingekuwa gumu kwangu. Lakini bakteria wakishaisha, makrofaji ileile inageuka. Inakula nyutrofili zilizokufa, maana usaha ni mizoga yao. Inanyamazisha kelele. Inaanza kutoa vichocheo vya kuotesha mishipa mipya ya damu, kuita seli zinazofuma kovu, kuwaambia jirani zake wagawanyike wazibe pengo. Bila hiyo kidonda hakifungi.

Hapa Dodoma tangu serikali ihamie tunaishi katikati ya ujenzi, kwa hiyo nilimpa shangazi mfano wa fundi. Fundi ana nyundo na ana mwiko. Ukimwita kubomoa anabomoa, ukimwita kujenga anajenga, na hakuulizi kiwanja ni cha nani.

Wapo bakteria waliolijua hilo zamani. Yule ninayemtafuta karibu kila siku kwenye makohozi, wa kifua kikuu, Robert Koch alimtangaza Machi 1882, mwaka uleule wa miiba ya Messina. Nikimpaka kwa njia ya Ziehl-Neelsen anatoka mwekundu juu ya samawati, kijiti chembamba kilichopinda kidogo, na ukimwona huwezi kuamini anavyowasumbua watu. Yeye hakwepi kuliwa. Anamezwa na makrofaji ya mapafuni, halafu akiwa ndani anazuia kifuko alimofungwa kisiungane na vile vya asidi. Anabaki hai ndani ya aliyemmeza. Mwili ukishindwa kumwua unamzungushia ukuta wa makrofaji juu ya makrofaji, na anaweza kukaa humo miaka na miaka. Kinachoipa makrofaji nguvu ya kummaliza ni ishara ya interferoni gama kutoka kwa seli T, na ndiyo sababu VVU inapozimaliza seli T, kifua kikuu kinaamka. Bakteria wa brusela, wale unaowapata kwenye maziwa mabichi ya ng'ombe au mbuzi, nao wanajificha ndani ya makrofaji. Shangazi hapo alibadilisha mada. Maziwa mabichi kwake hayajadiliwi.

Turudi kwenye uvimbe.

Kwamba makrofaji zinaweza kuua saratani si maneno ya matangazo. Mwaka 1891 huko New York, daktari wa upasuaji William Coley alimpoteza mgonjwa wake, msichana mdogo, kwa saratani ya mfupa, akaenda kupekua mafaili ya zamani ya hospitali. Akakuta habari za mwanamume ambaye uvimbe wa shingoni uliyeyuka baada ya kupata maambukizi makali ya ngozi. Akamsaka mtaani mpaka akampata, mzima. Coley akaanza kuwachoma wagonjwa wake bakteria kwa makusudi, kwanza walio hai, baadaye mchanganyiko wa waliouawa. Baadhi walipona. Wengine walikufa kwa maambukizi yenyewe. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini huyu apone na yule asipone, na mionzi ilipokuja dawa yake ikasahaulika.

Maelezo yalianza kupatikana mwaka 1975, New York hukohuko, kwenye maabara ya Lloyd Old. Waliwapa panya bakteria wa BCG, wale wa chanjo ya kifua kikuu, kisha wakawachoma lile gamba la Gram hasi. Majimaji ya damu ya panya hao yakiwekwa kwa panya wengine wenye uvimbe, uvimbe unaoza katikati. Kitu kilichomo ndicho TNF, na chanzo chake kikuu ni makrofaji zilizoshtuliwa. Kumbe joto la wagonjwa wa Coley lilikuwa na maana. Watu wakashangilia kwamba dawa imepatikana. Haikupatikana: ukimpa mtu TNF ya kutosha kuozesha uvimbe, shinikizo la damu linaanguka kabla uvimbe haujaguswa. Lakini TNF hiyohiyo ndiyo inayoshikilia ule ukuta wa kuzunguka kifua kikuu. Wagonjwa wa baridi yabisi wanaopewa dawa za kuizuia hupimwa kwanza TB, maana ukiiondoa, aliyefungiwa anaweza kutoka.

Kilichobaki na kinachotumika mpaka leo ni BCG yenyewe. Albert Calmette na Camille Guérin waliichosha ile bakteria ya TB ya ng'ombe kwa miaka 13 huko Ufaransa, wakiihamisha kutoka chakula kimoja hadi kingine mara 230, mpaka ikasahau kuua. Mtoto wa kwanza aliipata mwaka 1921. Alama yangu ya begani ni ya hiyo. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kanada aliripoti kuitumia kwa namna nyingine: aliimimina ndani ya kibofu cha mkojo cha wagonjwa wenye saratani iliyokuwa bado kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Bakteria hao dhaifu wanaushtua ukuta wa kibofu, makrofaji na seli nyingine zinaingia, na saratani inaliwa pamoja nao. Kwa saratani hiyo ya kibofu bado ni miongoni mwa tiba bora zilizopo.

Basi ikiwa zinaweza, kwa nini hazikufanya?

Sababu moja ni kwamba seli ya saratani si mgeni. Haina gamba la Gram hasi. Ni seli ya kwako iliyokataa kufuata utaratibu, na makrofaji ina sababu nzuri sana ya kutokula seli za kwako ovyo. Fikiria bandama. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na makrofaji za bandama na ini zinameza takriban milioni 2 zilizochakaa kila sekunde. Zinajuaje ipi imechakaa? Chembe changa ina protini iitwayo CD47 kwenye utando wake, na makrofaji ikiigusa inapata ujumbe mmoja: usinile. Ikichakaa ujumbe unafifia, na alama za kukaribisha mlaji zinajitokeza. Kundi la Irving Weissman wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha mwaka 2009 kwamba seli za saratani ya damu zimejaza CD47 kupita kawaida, na baadaye ikaonekana kwamba saratani nyingi zinafanya hivyo. Makrofaji inakaribia, inagusa, inaambiwa usinile, inapita.

Ukiuziba ujumbe huo kwa kingamwili, kwenye panya makrofaji zinaanza kula uvimbe. Kwa binadamu mambo yamekuwa magumu. Chembe nyekundu nazo zina CD47, kwa hiyo mgonjwa anaishiwa damu, na dawa iliyotangulia kuliko zote, magrolimabu, majaribio yake makubwa kwa saratani za damu yalisimamishwa kati ya mwaka 2023 na 2024 kwa kutoleta faida. Mimi sidhani njia imefungwa, ila naona watu waliuchukua ujumbe wa usinile kana kwamba ndio kufuli pekee. Kuondoa “usinile” si sawa na kusema “nile”. Kuna dawa za zamani zaidi ambazo zinasema neno la pili: rituksimabu na trastuzumabu hujibandika juu ya seli ya saratani, na mkia wao ndio makrofaji inaoushika na kuanza kula. Hiyo ni sehemu ya namna zinavyofanya kazi, si yote.

Sababu ya pili ndiyo niliyotaka shangazi aisikie, na nilichelewa kuisema kwa sababu niliona itamuumiza.

“Walikuwepo, shangazi.”

“Walikuwepo wapi?”

“Humohumo ndani ya uvimbe. Walikuwa wanajenga.”

Uvimbe unaokua haraka unakosa hewa katikati, seli zake nyingine zinakufa, tishu inachanika. Ukiitazama kwa hadubini inafanana na kidonda, na mwaka 1986 Harold Dvorak wa Marekani aliandika kwamba uvimbe ni kidonda kisichopona. Monosaiti zinaitwa, na nyingine zinaitwa na seli za saratani zenyewe kwa kutoa vichocheo kama CSF1. Zinaingia, zinakua kuwa makrofaji, zinakuta mazingira yanayozungumza lugha ya kidonda: funga, ziba, otesha. Nazo zinatii. Zinaotesha mishipa mipya, na uvimbe unapata damu. Zinanyamazisha seli T, maana kwenye kidonda kinachofunga kelele hazitakiwi. Zinalainisha nyuzi zinazoshikilia tishu, na seli za saratani zinapata pa kupenyea kwenda kwenye tezi za kwapani. Katika baadhi ya uvimbe wa titi, hadi nusu ya uzito wake inaweza kuwa makrofaji. Na katika saratani nyingi, ya titi ikiwemo, zikiwa nyingi ndani ya uvimbe kwa kawaida si habari njema kwa mgonjwa.

Shangazi alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza nilichokiogopa: kama kuna kitu alikula, au alifanya, ambacho kiliwageuza. Nikamwambia hapana. Hakuna chakula kinachompa fundi oda ya aina hiyo. Oda inatoka ndani ya uvimbe wenyewe, kwa vichocheo vilevile ambavyo vilimfungia kidonda cha upasuaji wake vizuri mpaka muuguzi akamsifia.

Naandika hili kwa hasira kidogo, kwa sababu wiki ileile kwenye basi la Kondoa alipanda muuza dawa na mkoba wake. Unga mmoja, magonjwa yote, na mwisho akasema “inaongeza kinga, inaua seli za saratani”. Abiria wakanunua, na wengine walikuwa na wagonjwa majumbani. Ningempenda yule kaka anieleze anaongeza kipi. Kinga si maji ya kujaza kwenye simtanki. Ukiongeza kelele unapata yale ya wagonjwa wa TNF. Ukiongeza makrofaji kwenye uvimbe ambao umeshazikodi, umeupelekea vibarua wa bure. Tatizo halijawahi kuwa uchache wao.

Wanaotafuta tiba kwa upande huu wanajua hivyo, na wanajaribu kubadilisha oda. Kuna dawa zinazoziba kipokezi cha CSF1. Moja yao, peksidatinibu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa uvimbe fulani wa maungio ambao wenyewe umejaa seli za ukoo wa makrofaji. Kwa saratani za kawaida dawa za namna hiyo peke yake hazijafanya maajabu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichapisha mwaka 2020 kazi ya makrofaji za binadamu zilizowekewa kipokezi cha kutengenezwa, kinachoshika protini ya uvimbe na kuziamuru zile. Kwenye panya zilikula, na tena zilikataa kugeuzwa kirahisi. Majaribio kwa watu yalianza baada ya hapo. Hakuna lolote kati ya hayo litakalomfikia shangazi kwa ratiba aliyonayo. Yeye ana dripu zake, na dripu zake zina ushahidi wa miaka mingi, nami nazitetea nyumbani hapa kila shemeji anapopiga simu kupendekeza mizizi.

Jambo la makrofaji linalomhusu wiki hii ni jingine, na ndilo nimelibandika ukutani karibu na jokofu. Dripu zinaugonga uboho. Kati ya wiki ya kwanza na ya pili baada ya dozi, nyutrofili kwenye damu zinashuka sana. Makrofaji zilizotandazwa kwenye tishu haziondoki kirahisi namna hiyo, kwa hiyo bakteria akiingia bado zinamtambua na bado zinapiga kelele. Homa inakuja. Lakini nyutrofili zinazoitwa hazipo njiani. Pasipo nyutrofili hapana usaha, wekundu unaweza kuwa mdogo, hata kifua kinaweza kuonekana safi kwenye picha. Mtu anaweza kuwa na maambukizi ya kuua na dalili yake pekee ikawa joto.

Kwa hiyo hatumpi panadoli kwanza tusubiri asubuhi. Panadoli itaishusha ile kelele pekee tuliyonayo. Kipimajoto kiko mezani, kikisoma nyuzi 38 tunaondoka kwenda hospitali na kadi yake ya matibabu, tunasema mlangoni kabisa kwamba huyu yuko kwenye dripu za saratani, apimwe damu na aanze antibaiotiki. Shangazi aliuliza kama hata saa nane ya usiku. Nikamwambia hata saa nane ya usiku, kijana wa bajaji ameshakubali. Akauliza ni yupi. Nikamwambia. Akasema yule anaendesha vibaya, tafuta mwingine.